Watatu Walioipa Ndege Pumzi

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, watu watatu waliipa injini pumzi, na injini ikakata pumzi angani. Nani kati yao aliikata? Nimeishi na fumbo hili miaka mingi. Nimewauliza wanaojua injini, nimewauliza wanaojua watu, na hakuna aliyenitua mzigo. Leo nawatwika nyinyi.

Huko Basotu, kwenye nyanda za ngano, palikuwa na banda lililoachwa na ndege za kunyunyizia dawa. Ndege zilipoondoka zilimwacha chini rubani mmoja, Restituta. Kila aliposikia muungurumo juu, hata ukiwa wa radi, alitoka nje kutazama. Basi mafundi watatu wa pale wakaazimia kujenga ndege yao wenyewe, ya mbao na kitambaa, yenye kiti kimoja. Wakamwambia kiti hicho ni chake. Restituta akaacha kutafuta kazi kwingine, akangoja.

Injini waliitoa kwenye gari la michezo lililopinduka. Haikuwa na pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake vyuma viwili vya pembe tatu vilizunguka tu, vikizunguka. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa na nguvu, na ilikuwa na uroho wa hewa. Lakini njia ya hewa ya gari haikuenea kwenye pua ya ndege. Ikabidi wachague upya: kichujio, kabureta ya kuchanganya hewa na petroli, mabomba. Wakakubaliana kwamba atakayeipa injini pumzi, jina lake ndilo litakaloandikwa ubavuni mwa ndege.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kugusa magurudumu. Mabawa yalipakwa rangi na wapita njia. Mafundi wote watatu walikuwa puani.

Akonaay, mzee wa matrekta, alichagua kichujio. Alileta cha kombaini, kikubwa kama sufuria ya matanga. Alisema vumbi la Basotu ni msasa, na kwamba kabureta isiyo na kichujio ni mdomo wa mlevi, hupokea chochote.

Paskalina, fundi wa pikipiki, alichagua kabureta. Alileta ya gari la mashindano, yenye koo pana. Alisema hata chai ina chujio, na hajaona nyumba ambayo chujio limepewa sifa ya chai.

Sulle, mwalimu wa ufundi, alichagua mabomba. Alipima urefu, akakata, akapima tena, ili hewa ifike kwenye mlango wa injini pale mlango unapofunguka, isiwahi wala isichelewe. Akayafanya ya plastiki yawe mepesi. Alisema wenzake wameleta sufuria na koo, na kwamba mtu mwenye sufuria na koo bado anahitaji akili.

Wakaunganisha, wakawasha. Injini ikanguruma hata kuku wa jirani wakatawanyika.

"Hiyo ni pumzi yangu," akasema Akonaay.

"Hiyo ni pumzi yangu," akasema Paskalina.

Sulle alichukua brashi ya rangi na kuanza kupima mahali litakapokaa jina lake, akanyang'anywa.

Asubuhi ya kuruka ilikuwa ya baridi, na ukungu mwepesi ulikuwa umelala juu ya ngano iliyoiva. Restituta akapanda. Ndege ikakimbia, ikainuka, na wale watatu hawakuiona ikiinuka kwa sababu walikuwa wakibishana kuhusu ukubwa wa herufi. Walichosikia ni kikohozi. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Restituta aliiteremsha bila injini katikati ya shamba. Ngano ilimpokea, lakini si kwa upole. Alitoka hai, mguu umevunjika.

Wanakijiji wakaikokota ndege hadi bandani, wakakaa kikao. Restituta aliletwa kwa kiti. Pua ikafunguliwa mbele ya watu wote.

Kichujio kilikutwa kimejaa makapi ya ngano. Paskalina akasema hicho ndicho kilichoiziba pumzi. Akonaay akasema makapi yameingia ndege ilipolala shambani.

Koo la kabureta lilikutwa lina maji. Sulle akasema ni barafu iliyoyeyuka: petroli ikigeuka mvuke hupoza koo, na ukungu wa asubuhi umegandia humo hadi hewa ikakosa pa kupita. Paskalina akasema ni umande wa mashuke.

Bomba moja lilikutwa limelegea na kujikunja. Akonaay akawakumbusha watu kwamba katika injini ile hewa huingilia upande uleule unakotokea moshi, na kwamba plastiki si chuma. Sulle akasema limelegea baada ya rafadha, ile panga inayozunguka puani, kusimama, upepo wa kupoza ulipokoma.

Pumzi waliyoigombania ilipokuwa hai, sasa kila mmoja aliitupa kwa jirani kama panya aliyekufa. Na katika kuitupa, kila mmoja alitaka aonekane mjuzi.

Paskalina akasema, "Sufuria lile nililijua tangu mwanzo."

Sulle akasema, "Kabureta isiyovuta hewa ya moto, kwa baridi hii? Niliiona siku ileile."

Akonaay akasema, "Plastiki kando ya bomba la moshi! Nilicheka nikaenda zangu nyumbani."

Restituta, kwenye kiti chake, akawageukia mmoja mmoja.

"Mzee Akonaay, ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Dada Paskalina?"

"Nilijua."

"Mwalimu?"

Sulle akainamisha kichwa.

"Mkaniacha nipande."

Wakaanza kujitetea, na hawakujitetea sawa. Akonaay alisema aliamini bomba lingelegea injini ikijaribiwa chini, mwalimu aaibike mbele za watu, na mtu asidhurike. Paskalina alisema yeye alikwisha kulitaja lile sufuria mara moja, wakamcheka kuwa fundi wa bodaboda, naye hana desturi ya kuchekwa mara mbili. Sulle alisema ukweli mbaya kuliko wote: kwamba angeisema kabureta, wangeyasema mabomba.

Watu walibishana sana. Wengine walitaka ndege ikatwe kuni. Restituta akakataa. Alisema mguu utaunga, na hakungoja miaka yote ile ili apikiwe ugali kwa mabawa yake.

Ndipo kikao kikaamua. Ndege ibaki. Njia ya hewa itengenezwe upya na mmoja tu wa wale watatu, peke yake, na wawili wasikanyage bandani tena. Ubavuni lisiandikwe jina la mtu. Na mpaka huyo mmoja apatikane, banda lifungwe.

Aliyelifunga ni Restituta mwenyewe. Alisimama kwa magongo, akavuta komeo, akatia kufuli, akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga. Wale watatu wamesimama nje ya mlango, kila mmoja akiwatazama wenzake kwa dharau ileile.

Je, nyinyi mnaosikiliza, kama ufunguo ungekuwa kwenye pindo lenu, mngemfungulia nani?