Kichwa cha Kiboko cha Nkwimba

Mkunjo ukikosewa, gundi haiponyi.

Mmeisikia leo kikaoni, nikawaona mnatazamana. Huyu Sitta wetu, ambaye hajapata kukosa jibu tangu alipoota meno, akawanong'oneza kwamba ni methali ya mafundi viatu. Si ya mafundi viatu. Kaeni vizuri, na wewe zima hiyo simu, niwaeleze ilikotoka. Ilitoka Mwabulenga, huku huku Usukumani, na wala si zamani za kale. Kompyuta zilikwishafika.

Mwabulenga kulikuwa na vikundi viwili vya ngoma, Mlimani na Bondeni. Kila mwaka baada ya mavuno vilikutana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake, vikapiga na kucheza kwa pamoja. Hapakuwa na mwamuzi wala kikombe. Watu wakikimbilia kwenu, mmeshinda. Wakiwakimbia, mmeshindwa, na hakuna wa kumlilia. Ndiyo maana kila kikundi kilitafuta kioja cha kuvutia macho. Mlimani walikuwa wakicheza na chatu, mpaka chatu mwenyewe akazeeka akafa.

Manju wa Mlimani, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, alikuwa mzee Maduhu. Alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, na kiburi cha kuitosha sauti hiyo. Lakini miaka ile uwanja ulikuwa unamwishia watu mikononi. Vijana wake wakaanza kusema waziwazi kwamba wakiachwa peke yao tena mwaka huu, wanahamia Bondeni wote, na Mlimani ife.

Aliyeumizwa na maneno hayo kuliko wote ni mjukuu wake, Nkwimba. Huyu alikuwa fundi cherehani, binti wa watu, mkaidi kama kwato. Alilelewa nyumbani kwa Maduhu, akajifunza kutembea akishika miguu ya wachezaji. Kwake yeye Mlimani ikifa, amekufa mtu wa nyumbani. Akaapa kwamba haitakufa.

Sababu ya watu kuondoka kila mtu aliijua, na hakuna aliyeitaja mbele ya Maduhu. Ng'wandu, mwanawe wa kiume na mpiga ngoma asiye na mfano, alikuwa amehamia Bondeni. Alitunga wimbo, wimbo ukaitikisa wilaya, na baba yake akasimama uwanjani akatangaza kwamba ameutunga yeye. Ng'wandu hakugombana. Aliweka vijiti chini, akavuka uwanja, hakurudi. Baadaye Maduhu alimpelekea mbuzi. Akampelekea asali, akampelekea na ngozi mpya ya ngoma. Ng'wandu alipokea vyote, akashukuru kwa adabu, akaendelea kupigia Bondeni.

Basi Nkwimba akaona dawa ni kioja kipya. Alikuwa ameona kwenye simu watu wa nchi za mbali wakitengeneza vichwa vya wanyama kwa karatasi ngumu, wanavivaa na kucheza navyo. Akasema atatengeneza kiboko, kiboko wa kufumbua kinywa, na ataingia ndani yake mwenyewe. Maduhu alicheka mpaka akakohoa. Akasema tangu lini karatasi ikacheza ngoma.

Nkwimba akaenda mjini kwa binamu yake Luhende, mwenye duka la kutoa kopi. Luhende alikuwa na programu ambayo unaipa umbo la mnyama, nayo inalibandua kama unavyobandua ganda la chungwa, mpaka linalala bapa kwenye kurasa. Kila ukingo una namba yake, na kazi yako ni kukata, kukunja, kisha kuibandika namba kwenye namba mwenzake. Luhende alikuwa amekwisha kutengeneza kasha la zawadi kwa programu hiyo, na kwa sababu hiyo alijiona profesa.

Haya, kichwa cha kwanza kikatoka. Kilimtosha mbuzi. Walikaa wakakitazama, Luhende akasema pengine viboko wa nchi za mbali ni wadogo. Nkwimba hakucheka. Aliketi na kompyuta akakagua kitu kimoja kimoja mpaka akaona kwamba printa ilikuwa inabana kila mchoro uenee kwenye karatasi yake. Akaizuia isibane, ichape kwa kipimo kamili. Halafu akafanya alichopaswa kukifanya mwanzo, yeye fundi nguo: akajipima kichwa kwa futi, akaongeza nafasi ya kilemba na ya kupumua, akaiambia programu ukubwa anaoutaka. Karatasi ya kawaida nayo ilikuwa inalegea, akahamia manila.

Akabeba kurasa zake kurudi Mwabulenga, akaanza puani. Alikata, akakunja, akabandika, akashikilia kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ikauke. Kiboko akaota pua, akaota macho, akaota masikio yale madogo ya kuchekesha. Hata Maduhu akaanza kupita pita pale, anajifanya anatafuta kiko chake.

Ilipofika kisogoni, ncha mbili za mwisho zikakataa kukutana. Pakabaki mwanya wa kupitisha vidole. Namba zilikuwa sawa. Alizikagua tena, sawa. Kila aliyepita akatoa ushauri, na ushauri wa wote ulikuwa mmoja: ongeza gundi. Akaongeza. Akavuta ncha kwa nguvu, akabana kwa vibanio, akapaka gundi ya mbao, juu yake akapitisha selotepu. Zikashika. Watu wakapiga vigelegele.

Wakakijaribu kichwa kwenye mazoezi. Nkwimba aliinama mara moja tu, shavu la kiboko likaachia. Wakabandika shavu, likaachia chini ya jicho. Wakabandika pale, na kisogo kikafumuka chote. Vijana wakaangua kicheko, na mmoja akauliza kwa sauti kama Bondeni wanapokea wachezaji hata sasa.

Nkwimba akarudi mjini palepale, vumbi la mazoezi lingali miguuni. Alikitafuta kichwa kwenye kompyuta, akakizungusha, akakilinganisha na kile alichobeba mkononi, kipande kwa kipande. Puani akasimama. Programu ilikuwa imeweka mistari ya aina mbili. Mstari wa vipande vipande maana yake kunja kwa ndani, na mstari wa kipande na nukta maana yake kunja kwa nje. Luhende kwa ubahili wake alikuwa ameiweka printa ibane wino, ikatoa mistari yote hafifu, ikafanana. Nkwimba alikuwa amekunja kila kitu kwa ndani. Sehemu nyingi alibahatika, kwa kuwa ndani ndiko kulikotakiwa. Kipande cha chini ya pua, ambacho ni cha kwanza kabisa, kilitakiwa kukunjwa nje.

Akairudisha printa itoe wino wote, akachapa upya, akarudi nyumbani. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya uwanja. Maduhu akamkuta ameketi barazani na wembe mkononi, anakikata kichwa.

"Mke wangu," akamwambia, kama babu anavyomtania mjukuu, ila safari hii utani haukuwemo, "una wazimu? Kesho tunaingia uwanjani, wewe unachana kiboko?"

"Nakirudisha kilipokosewa, babu."

"Kimeachia kisogoni. Mbona wembe uko puani?"

"Kisogoni ndipo panapoonekana. Kosa liko hapa. Kipande hiki kilitaka kukunjwa nje, nikakikunja ndani. Vyote vilivyofuata vimevutwa upande kwa sababu yake."

"Ongeza gundi, mwanangu. Muda hatuna."

"Nimeongeza, umeniona. Kikishika hapa, kinapasuka pale." Nkwimba aliuweka wembe chini akamtazama. "Mkunjo ukikosewa, babu, gundi haiponyi."

 Maduhu alikaa kwenye kizingiti akamtazama anavyokata, sikio moja, halafu la pili, kazi nzuri inarudi kuwa vipande. Baada ya kitambo akauliza, taratibu, kama hapana njia nyingine ya kuzunguka. Nkwimba akasema hapana. Akauliza tena, hata kama vilivyofuata vilikuwa vizuri? Nkwimba akasema hata kama.  Mwishowe mzee akavuta kigoda karibu, akaomba kipande kimoja amshikilie.

Walikunja upya, wakabandika upya, ndani wakagandisha magazeti kwa uji wa muhogo ili kichwa kiwe kigumu. Ncha za kisogoni zilipofika, zikakutana zenyewe bila kuvutwa. Nkwimba alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye gundi, akajipaka gundi usoni.

Siku ya uwanja watu walijaa. Ngoma zikaanza pande zote mbili. Nkwimba alikuwa ndani ya kiboko, anachungulia kinywani tu, njuga miguuni. Akafumbua kinywa mara ya kwanza, watoto wakapiga kelele wakakimbia, wakarudi. Akainama, akajitupa kushoto, akatikisa kichwa kwa nguvu zake zote, na kichwa kikashika. Akaona miguu inaongezeka mbele yake. Akina mama wa Bondeni wakaja na kanga zao, wazee wakaja na vigoda vyao. Vijana wa Mlimani wakapiga kama waliorogwa. Baada ya miaka yote ile, hatimaye, watu walikuwa wanakimbilia kwao.

Na ngoma ilipokuwa imepamba moto kabisa, Maduhu akaiacha. Akamkabidhi kijana mmoja usinga wake, akajipangusa uso, akaanza kuuvuka uwanja peke yake kuelekea Bondeni.

Manju haachi ngoma yake katikati. Haijapata kuonekana. Watu wakafikiri anakwenda kupigana, na watu wanapenda nini kuliko ugomvi? Wakageuka, wakamfuata. Nkwimba akaona miguu inapungua, inapungua, mpaka mbele yake likabaki vumbi na bibi mmoja asiyeweza kutembea haraka. Wapigaji wake nao wakaacha kupiga, wakaenda kutazama.

Aliumia, wala nisiwafiche. Aliona kama babu yake amemchukua yule kiboko, mtoto wa mikono yake, akamnyonga mbele za watu. Angeweza kukivua kichwa akakaa chini. Hakukaa. Aliapa kwamba Mlimani haitakufa, na pale uwanjani Mlimani ilikuwa imebaki miguu yake miwili. Akapiga moyo konde, akacheza kwa mlio wa njuga zake.

Ndipo upande wa Bondeni ngoma nazo zikanyamaza, na sauti ile isiyohitaji kipaza sauti ikafika mpaka ndani ya kiboko.

"Ule wimbo si wangu. Aliutunga Ng'wandu. Nilisema uongo mbele ya watu, na leo nasema kweli mbele ya watu. Mwanangu, nilikukosea, na nilikukosea pale, siyo kwenye mbuzi wala asali. Sina la kukupa. Nisamehe."

 Nkwimba hakusikia jibu lolote.  Akaendelea kucheza, jasho linamwingia machoni, njuga zinalia peke yao mbele ya yule bibi mmoja. Akaona bibi naye anainuka kwenye kigoda chake, anatazama kitu kilichoko nyuma ya kiboko, na anatabasamu.

Kisha akasikia ngoma. Ilikuwa nyuma yake na inakaribia, mapigo ambayo hayakuwa yamepigiwa Mlimani tangu alipokuwa msichana, na miguu yake ikayatambua kabla yake. Hakugeuka. Mchezaji hageuki, mpigaji ndiye anayemfuata. Mapigo yakamfikia mgongoni, na nyuma ya mapigo vishindo vya watu, wengi, wanavuka uwanja kumfuata Ng'wandu alikorudi.

Jioni, baada ya watu kutawanyika, Nkwimba alikuwa na hasira yake bado. Alimwendea Maduhu, kiboko akiwa kwapani, akamwambia, "Babu, tulikuwa tumekwisha kushinda. Walikuwa wamekuja wote. Hukuona?"

"Niliona," akasema mzee. "Hao walikuja kumwona kiboko. Mwakani tungetafuta tembo, mwaka wa pili sijui nini, na mwanangu bado yuko Bondeni. Kichwa chako ni kizuri, mke wangu, sijaona kizuri kama hicho. Lakini nilikuwa nakitumia kama nilivyomtumia yule mbuzi."

Nkwimba akakitazama kichwa, akamtazama mjomba wake anayekaza ngozi ya ngoma kule upande wa Mlimani.  Neno alilisema yeye mwenyewe, akiwa na wembe mkononi, na sasa ndiyo kwanza analielewa.

Mkunjo ukikosewa, gundi haiponyi.