Ukili wa Bi Mize

Ukili haufumuliwi kwa kuhama baraza. Mmeyasikia maneno hayo jana, wanangu, na mmeniuliza yametoka wapi. Basi chanzo chake ni Bi Mize binti Kombo, na mimi nilimjua.

Ukili ni ule utepe mrefu wa majani ya ukindu, unaosukwa kwanza, kisha ukashonwa kuwa mkeka. Mwanamke wa kwetu akiolewa, au akirudi kwao, huukunja ukili wake akaenda kuendelea nao huko aendako. Hakuna anayemwambia aanze upya.

Bi Mize alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Pemba. Alipopita miaka thelathini alisoma chuo kikuu miaka miwili kati ya minne, mama yake akapooza, akarudi kumuuguza. Mama aliishi miaka kumi na tisa kitandani. Alipofariki, Bi Mize alikuwa na miaka hamsini na miwili. Akaomba kuhamia chuo kikuu kimoja cha Unguja amalizie miwili iliyobaki, na shule yake ikampa ruhusa ya miaka miwili tu. Ikizidi, nafasi yake ingepewa mtu mwingine.

Siku ya kwanza aliingia darasa la mwaka wa tatu. Vijana wote wakasimama.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Hata mie namsubiri mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Msichana mmoja, Ruzuna, akasogea kumpisha. "Karibu, bibi. Nilidhani umemfuata mjukuu wako."

"Mjukuu ndiyo kwanza anaota meno. Nikimngoja yeye nitachelewa."

Wiki zile zilipita kama mtu anayetembea ndani ya maji. Madirisha ya chuo yalikuwa marefu, na upepo uliingia ukafunua kurasa peke yake. Bi Mize alisikiliza masomo huku akihisi sauti ya mwalimu wake wa zamani ikiendelea palepale ilipokatikia. Mchana alikaa kwenye kibaraza cha maktaba akisuka ukili aliotoka nao Pemba. Mara nyingine alisinzia, akauona ukili ule ukirefuka, umelala juu ya bahari kama njia, na yeye anapita juu yake bila kulowa miguu.

Wiki ya nne aliitwa na mkuu wa taaluma, Bwana Faki. Akaenda na ukili wake mkononi.

"Bi mkubwa, kaa," alisema Bwana Faki. "Samahani sana. Masomo uliyosoma kule chuo cha kwanza ni ya zamani, hatuwezi kuyahesabu. Itabidi urudi mwaka wa kwanza."

Bi Mize aliinamisha kichwa, vidole vikaendelea kusuka vyenyewe. Kisha vikasimama.

"Wewe umezaliwa wapi, mwanangu?"

"Micheweni."

"Basi kwenu walisuka. Huu nimeanza kuusuka Pemba. Nionyeshe nilipohamia Unguja."

Bwana Faki alicheka kidogo. Akaukunjua juu ya meza, juu ya mafaili, akaupitisha vidoleni taratibu. Karibu na katikati akasimama.

"Hapa. Majani ya nyuma yamefifia, haya mapya yana ukijani."

"Umepaona. Sasa vuta."

Akavuta. Akavuta tena, kwa mikono miwili, mpaka kiti kikalia. Ukili haukukatika.

"Mimi sikatai kwamba ya nyuma yamefifia," Bi Mize alisema. "Nayapima kila siku darasani. Nipe mitihani ya miaka ile miwili. Nikishindwa, nitaufumua mwenyewe."

Kidole cha Bwana Faki kilikuwa bado pale rangi ilipobadilika. "Mama yangu alihama nyumba tatu," alisema mwishowe. "Hakufumua hata siku moja. Njoo Jumatatu, bi mkubwa. Lakini sitakuonea huruma."

Kweli hakumwonea huruma. Alimfanyisha mitihani kumi na miwili. Bi Mize alifaulu kumi na mmoja, akaanguka takwimu. Kwa hiyo mwaka ule, kila Jumatano asubuhi, alikaa na watoto wa mwaka wa kwanza kurudia somo hilo moja, na saa zilizobaki alikuwa na wenzake wa mwaka wa tatu. Alimaliza kabla ruhusa yake haijaisha, akarudi darasani kwake Pemba. Bi Mize alimsimulia Ruzuna yote, na Ruzuna ndiye aliyeyaeneza maneno ya ukili na baraza, akiwaambia wageni waliohamia chuoni na kuona haya.

Nanyi mkiambiwa mlichokifanya kwingine si kitu, msikasirike, wala msikifiche kilipofifia. Kiwekeni mezani kivutwe. Ukili haufumuliwi kwa kuhama baraza.