Mtoto Aliyekuwa Jibu la Fumbo

Isome hii taratibu, na ukiifurahia usiwe mchoyo, mpe na mwenzio.

Katika mji mmoja huko India alikuwepo mhariri wa jarida la watoto, Bibi Vasudha. Jarida lenyewe, acha tu! Humo tembo alifundisha hesabu, nyani akaeleza mvua inatoka wapi, yote kwa katuni na vichekesho. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mafumbo, na majibu yalichapwa kichwa chini ili mtoto asiyachungulie upesi. Bibi Vasudha alilipenda jarida lile kama mwanawe wa kumzaa.

Siku moja mwenye jarida, Mzee Damodar, akamwita.

"Wazazi wananilalamikia," akasema. "Wanataka masomo, wewe unawapa nyani! Toa katuni zote, la sivyo nalifunga."

Bibi Vasudha akamsihi. "Tajiri, nakuomba, kwanza tuwape watoto wenyewe tuone."

Wakakubaliana. Katika shule moja ya kijijini, darasa moja likapewa jarida la masomo matupu, halina katuni hata ya dawa. Darasa la jirani likapewa lile la tembo na nyani. Kila darasa nakala moja tu, maana Mzee Damodar mkono wake ulikuwa mzito kufunguka.

Mwezi ulipoisha wakaenda kuangalia. Jarida la masomo matupu lilikuwa mezani, safi, halijakunjwa hata pembe. La Bibi Vasudha lilikuwa limebaki jalada peke yake.

"Umeona?" Mzee Damodar akang'aka. "Hawa wameheshimu elimu. Hao wako wamelirarua!"

Bibi Vasudha akajikaza. "Tajiri, sahani ikirudi jikoni na chakula chake vilevile, mpishi hafurahi. Ina maana hakikuliwa."

"Maneno matamu hayo. Jarida liko wapi?"

Masikini, hata yeye hakujua. Akawatazama watoto, akaona kazi ya maisha yake imekwisha.

Ndipo msichana mmoja, Ketaki, akasimama. "Babu, jarida ni sisi."

"Ninyi? Kivipi?"

"Lilikuwa moja, na sisi ni wengi. Tungegombana. Tukalichomoa pini, kila mtu akapewa ukurasa wake aujue vizuri, awasimulie wenzake."

Watoto wakajipanga mstari. "Mimi ni ukurasa wa kwanza!" akasema mmoja, akatembea kwa madaha ya tembo huku akiwagawia wenzake ndizi za kufikirika, na darasa zima likataja majibu ya hesabu bila kukosea. Nyani akafuata na mvua yake, kuanzia mvuke wa ziwani mpaka matone kwenye paa. Madirishani, darasa lenye jarida safi lilikuwa limejazana, linacheka mpaka linashikana mabega.

Ketaki akamgeukia mzee. "Mimi ni ukurasa wa mafumbo. Babu, ni msuli gani mwilini mwako unaofanya kazi tangu hujazaliwa, na haujapata likizo hata siku moja?"

Mzee Damodar akajikuna kichwa. "Ulimi wa karani wangu?"

Darasa likaangua kicheko. Mvulana wa mwisho kwenye mstari akaweka viganja sakafuni, akarusha miguu juu ukutani, akatulia hivyohivyo.

"We mtoto, utavunjika shingo! Mbona kichwa chini?"

"Mimi ndiye jibu, Babu. Majibu huwa kichwa chini." Kisha akasema, uso umemwiva, "Ni moyo!"

Mzee Damodar akacheka mpaka akalazimika kuketi kwenye dawati la watoto. Alipopata pumzi akamwambia Bibi Vasudha, "Ole wako utoe hata nyani mmoja." Bibi Vasudha akajifuta machozi kwa pindo la sari yake.

Funzo: Usipime elimu kwa usafi wa kitabu, mtoto aliyejifunza kwa furaha hukibeba kitabu ndani yake, hata kikibaki jalada.