Picha Ambazo Kompyuta Haikuzitambua

“Nimekwambia zimeharibika. Nipe hiyo kadi niifute, na kamera umrudishie kaka yako.”

“Sikupi.”

“Mama Tumsifu, usinichezee. Kazi hii nimeifanya tangu wewe hujui hata kamera inashikwaje.”

“Ndiyo maana sikupi, Baba Tumsifu. Wewe ukishasema kitu kimeharibika, hurudi nyuma.”

Wapendwa, hao ni mume na mke, ndani ya studio yao ya picha jirani na soko. Siku iliyotangulia binti yao wa mwisho alipata kipaimara. Mume alitakiwa kukaa mbele pamoja na wazazi wengine, kwa hiyo kazi ya kupiga picha alimwachia mkewe, naye mke akatumia kamera mpya aliyoletewa na kaka yake.

Kamera ile ilihifadhi picha zikiwa mbichi, mwanga wote na vivuli vyote vikiwa ndani, zikisubiri kusafishwa kwenye kompyuta. Lakini programu ya kusafishia aliyokuwa nayo mume ilikuwa ya zamani. Alifundishwa kuitumia ujanani, akaizoea kama mtu anavyozoea kitasa cha mlango wa nyumbani kwake. Kila aliyemshauri aibadilishe alijibiwa kwamba haijawahi kumwangusha. Sasa alipoingiza kadi, hakuona mtoto wala kanisa. Yalijipanga maboksi ya kijivu matupu, na chini yake maandishi mafupi ya Kiingereza.

Mke akainama kusoma. “Hapa imeandika haizitambui. Haijaandika zimeharibika.”

“Kuna tofauti gani?”

“Kwenye kamera zinaonekana. Hebu tazama.”

Akairudisha kadi kwenye kamera, akaiwasha, akamsogezea kioo kidogo cha nyuma. Mume akatupa jicho mara moja tu, kwenye mstari wa watoto waliovaa nguo nyeupe, akaisukuma pembeni. “Kamera inajisifia. Kompyuta ndiyo inayosema kweli.”

Msimcheke, wapendwa. Miaka yote, kila boksi la kijivu aliloliona lilikuwa kweli picha iliyokufa. Aliifuta, akamwomba mteja radhi, maisha yakaendelea. Mtu ambaye hajawahi kukosea kwa kipimo chake, atajuaje siku kipimo chenyewe kimepitwa?

Na neno hilo, kuharibika, lilikuwa limeshamtoka kinywani kabla ya hapo, nyumbani kwake. Mtoto wao wa kwanza, huyo Tumsifu, aliacha chuo cha ualimu akaenda kusuka nywele za wanawake kwenye saluni upande wa pili wa mji. Baba yake alimsimamisha mlangoni akamwambia, “Mwanamume anayeshinda ameshika vichwa vya wanawake ameharibika. Humu usikanyage tena.” Tangu siku hiyo watu waliendelea kumwita Baba Tumsifu, kila siku, kila mahali, kwa jina ambalo yeye mwenyewe hakulitamka tena.

Basi mke akampigia simu kaka yake, akamweleza, akaweka sauti kubwa ili mumewe asikie.

“Shemeji,” sauti ikasema, “hiyo programu yako ilitengenezwa kabla kamera hii haijazaliwa. Itaitambuaje? Lakini usiitupe, na picha usizifute. Kuna programu nyingine ndogo, ya bure, kazi yake ni kama ya mkalimani. Inazigeuza picha ziwe za aina ambayo hiyo ya zamani inaielewa. Niitume?”

Mume alikuwa akifuta meza iliyokuwa safi.

“Itume,” mke akajibu kwa niaba yake.

Mke akairudisha kadi kwenye kompyuta, na haikuchukua muda. Maboksi yakaanza kujaa. Huyu hapa mchungaji, hawa hapa watoto, rangi ya maua, jasho kwenye paji la uso la mwenyekiti wa wazazi. Mume akavuta kiti. “Mwanga umeupata,” alisema taratibu, na kwake hiyo ilikuwa ndiyo samahani. Akaendelea kupitisha picha, moja, nyingine, nyingine. Kisha mkono ukasimama.

Ilikuwa nyuma ya kanisa, kabla ya maandamano. Binti yake ameketi kwenye jiwe, gauni limekunjwa vizuri lisiguse vumbi. Mbele yake kijana mmoja amepiga magoti kwenye kitenge, ameng’ata vibanio mdomoni, anampachika maua meupe kwenye nywele, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayemvisha malkia. Binti anacheka. Kijana analia.

Mume akakumbuka asubuhi ya jana yake. Mlangoni pa kanisa alimtazama binti akafurahi mno, akauliza, “Nani kakusuka vizuri hivi?” Mama akajibu, “Fundi mmoja wa mjini.” Wakaingia ibadani.

“Ulijua ipo humu,” akasema.

“Niliipiga mwenyewe.”

“Na kama ningeifuta?”

“Ungekuwa umemfuta mara ya pili.”

Sasa tujiangalie sisi. Ni nani kwetu amebaki boksi la kijivu? Binti aliyepata mimba akiwa shuleni? Kijana aliyeacha kwaya bila kuaga? Jirani aliyehamia dhehebu lingine? Tuliwapima kwa yale tuliyozoea, hatukuwaelewa, na kusema “simwelewi” kukatushinda, maana neno hilo linatuaibisha sisi. Tukachagua “ameharibika”, neno linalomwaibisha yeye. Lakini Mungu aliyewaumba, je, yeye ameshindwa kuwaona?

Wala hatuambiwi tutupe tuliyofundishwa na wazazi wetu. Programu ile ya zamani inasafisha picha mpaka leo. Ilihitaji mkalimani tu. Na mkalimani kati yako na mwanao ni nani, kama si wewe mwenyewe kuinuka, kwenda alipo, na kuuliza unachokiogopa kukiuliza? Wapendwa, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe cha kufuta, kiondoe kwanza. Nenda ukatazame.

Yule baba alikwenda. Alivuka mji mchana, akiwa na picha ile ndani ya bahasha, akasimama kwenye mlango wa saluni. Wanawake wakageuka kumtazama. Kijana alikuwa na kitana mkononi, akarudi nyuma hatua moja, akidhani baba amekuja kumfukuza na hapa pia. Baba akavua kofia. Hakuingia. Akasema palepale mlangoni:

“Namtafuta fundi aliyemsuka binti yangu siku ya kipaimara. Mama yake hakunitajia jina, na mimi sikuuliza mara ya pili. Tumsifu, nimekuja kuuliza.”