Kwa Nini Anayeondoka Hufuta Jina Lake

Kulikuwa na wakati ambapo majina hayakufutwa. Katika ofisi moja ndogo ya watengeneza programu kule Njombe, kila programu ilibeba, juu kabisa ya msimbo wake, jina la aliyeianzisha na namba yake ya simu. Vilibaki hapo hata mwenyewe akistaafu, hata akihama. Kufuta jina la mkubwa kulikuwa ni utovu wa adabu, na hakuna aliyethubutu.

Nasemba aliitunza programu ya majokofu ya chanjo kwa miaka minne. Alirekebisha hiki na kile, lakini jina la Mzee Lutengano, mwalimu wake aliyekwisha kurudi kwao kulima viazi, hakuligusa. Kuandika lake aliona haya.

Asubuhi moja, katika zahanati ya milimani, jokofu lilianza kupata joto na programu ikakwama. Kwenye kioo likatokea jina la mzee na namba ya kupiga. Muuguzi akapiga.

"Mwanangu, mimi nauza vitumbua," akajibu mama mmoja. "Laini hii nimeinunua mwaka jana. Hebu angalia, hilo jokofu umelichomeka kweli?"

Habari zilimfikia Nasemba saa nane mchana, zimepita kwa watu watatu, na chanjo zilikuwa zimeshaharibika. Akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni walirudi vivi hivi. Nasemba alilia mbele ya wenzake, maana kosa lenyewe lilikuwa la kurekebishwa kwa dakika kumi.

Kesho yake akapanda basi kwenda kwa mzee.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kuomba ruhusa nifute jina lako."

"Marahaba. Miaka yote hiyo ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

Mzee akaliweka jembe chini. "Umeniheshimu mimi, ukamsahau muuguzi. Futa, binti yangu. Tena futa hapa hapa, nione."

Nasemba akafungua kompyuta yake ya mpakato, akafuta, akaandika jina lake na namba yake. Mzee akaipiga ile namba mpya mwenyewe, na simu ikaita mkobani mwa Nasemba.

Na tangu siku hiyo, katika ofisi ile, anayeondoka hufuta jina lake kwa mkono wake, anayebaki huandika lake, kisha namba hupigwa palepale. Haagwi mtu mpaka simu iite na aliyepo aipokee.