Bibi Sikudhani na Vyungu vya Mzimu

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mmelala njaa! Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa mnastahili kusimuliwa na mimi.

Hapo kale, kabla babu zenu hawajajua kudanganya, palikuwa na kijiji chini ya kilima. Kilimani pana pango. Pangoni mna mzimu na chemchemi. Mwenye shida alipeleka chungu cha pombe, akakiacha humo. Kukitoa ni mwiko. Chungu juu ya chungu, mwaka hadi mwaka.

Kijijini aliishi Bibi Sikudhani. Maisha yake yote alimtafuta Mungu. Alipanda milima, aliwasumbua waganga, alifunga mpaka mbavu zikachomoza. Watu wakamcheka.

"Bibi, umemwona leo?"

"Bado. Na wewe unayecheka, umeona nini?"

Basi chemchemi ikakauka. Kau! Hata tone. Mzee Pazi, mlinzi wa mzimu, akatangaza: "Mzimu umekasirika. Unataka kigori. Binti Chiku ataingia, na hatatoka."

Mama yake Chiku akaangua kilio. Wanaume, vidume wa kujipiga vifua, wakatazama chini! Kama nyinyi hapo.

Bibi Sikudhani akasimama. "Nitaingia mimi."

"Nimesema kigori, siyo kikongwe!"

"Mzimu ukinikataa, utaniambia wenyewe."

"Ukigusa vyungu utakufa!"

"Na nisipovigusa nitaishi milele? Nipishe, Pazi."

Akaingia. Giza. Akapapasa: vyungu, matope, vyungu. Akatega sikio. Chururu, chururu. Maji yanalia nyuma ya vyungu!

Akapaza sauti, wa nje wakasikia: "Enyi! Maji yapo! Mmeyaziba kwa sadaka zenu!"

"Toka, bibi!" Chiku akapiga kelele. "Yatakubeba!"

"Nikitoka watakuingiza wewe. Kaeni kando!"

Akang'oa chungu. Pwacha! Akang'oa kingine. Pwacha! Akang'oa cha chini kabisa. Vuuuuu! Maji yakatoka na vigae, yakatoka na matope, yakatoka na Bibi Sikudhani. Walimkuta bondeni, amekwisha kufa.

Mzee Pazi akakohoa. "Mzimu umepokea sadaka."

Chiku akamkazia macho. "Haukupokea kitu, babu. Bibi ndiye aliyejitoa."

Akateka maji, akamwosha bibi uso mbele yao wote. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mjue basi: anayemtafuta Mungu kweli hatangulizi mtoto wa mwenzake. Huenda mwenyewe.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayebisha asimame, nimwone.