Hewa ya Wizi

Ifahamike kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, waliosoma na waliofukuzwa shule, kwamba methali isemayo "Mficha maradhi kifo humuumbua" ni hazina kuu ya hekima tuliyoachiwa na wahenga wetu watukufu. Wahenga hao hawakuwahi kumiliki gari hata moja. Hata hivyo maneno yao yanaingia kwenye injini sawasawa na yanavyoingia kwenye mwili wa binadamu: anayeficha ugonjwa hauponyi, anaunenepesha.

Huko Kasekese aliishi Mzee Ndaki, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Mzee huyu alinunua pikapu chakavu ya milango minne, na kwa kuwa hakupenda kitu kidogo, aling'oa injini yake akaweka ya gari kubwa zaidi. Akainua springi hadi mbuzi wakapita chini bila kuinama. Bomba la kuingizia hewa lilipokataa kufika kwenye injini mpya, aliliunga kwa kipande cha mpira wa pampu ya kumwagilia bustani. Gari likaitwa Dume.

Dume lilikimbia kama limechokozwa na nyuki. Taabu yake ilikuwa kusimama. Likisimama, ule mngurumo mdogo ambao mafundi huuita sailensi ulipanda, ukashuka, ukapanda tena kama pumzi za mgonjwa wa malaria, na mara nyingine lilizimika kabisa.

Jambo hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama Nyanzala asingekuwa mjamzito. Nyanzala alikuwa mke wa Malale, mtoto mkubwa wa Mzee Ndaki, ambaye alikuwa mbali na mifugo upande wa Usevya. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa kisu, na mtoto hakuishi. Safari hii nesi wa zahanati alimwandikia kwa kalamu nyekundu: ajifungulie hospitali ya Mpanda, tena aende mapema akasubiri huko.

"Mkamwana wangu akalale kwa watu, na mimi nina gari?" Mzee Ndaki alisema. "Siku ikifika, Dume litamfikisha kabla hajamaliza kufunga kanga."

Basi ikabidi Dume litibiwe. Mzee alilipeleka Mpanda mjini kwa fundi Egide, mzaliwa wa Katumba, mtu mpole aliyezungumza na injini kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto. Mzee alifuatana na bintiye Lucia, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Shuleni huko Lucia alijulikana kwa utundu. Aliwahi kupiga kengele ya chakula saa tatu asubuhi, na mabweni matatu yakapanga foleni na sahani mkononi, matroni akiwa wa kwanza.

Mzee alikwenda kunywa chai. Egide akaliwasha Dume, akafungua boneti, kisha akachoma ubani kidogo juu ya kifuniko cha kopo.

"Fundi, unalifanyia ibada?" Lucia aliuliza.

"Nyamaza utazame moshi, dada."

Akaupitisha moshi polepole kwenye kila kiungo cha bomba la hewa. Ulipanda juu kwa utulivu wake. Ulipofika kwenye mpira wa pampu, moshi ulipinda ghafla ukaingia ndani, ukamezwa chini ya klipu.

"Umeona? Hapa linavuta hewa ya wizi," alisema Egide. "Injini inahesabu hewa inayopita mlangoni. Hii inaingia dirishani, haihesabiwi, ndiyo maana inachanganyikiwa. Mpira umekauka kwa joto. Mwambie baba yako asubiri, nakwenda kumtafutia paipu yenyewe."

Egide akaondoka. Hapo Lucia akamwona, kwa macho ya moyo, fundi akirudi na paipu begani na kukuta gari halipo. Picha hiyo ilimchekesha hadi machozi yakamlenga. Akachukua bisibisi, akaikaza kidogo skrubu ya sailensi aliyomwona Egide akiigusa. Injini ikapandisha sauti, ikatulia tuli. Ugonjwa ulikuwa palepale. Kilichonyamazishwa kilikuwa kilio chake.

Baba yake alipotokea, Lucia alisimama wima kama padri mbele ya altare. "Fundi amemaliza, baba. Anasema twende salama."

"Ameenda wapi, tuagane?"

"Ameitwa kwenye gari lingine."

Alikuwa na nia ya kusema ukweli wakifika kijiji cha Kabungu njiani, wacheke, wageuze. Lakini njia nzima mzee aliimba Kisukuma. Kijijini alilisimamisha Dume mbele ya duka, linanguruma, akaweka kikombe cha maji juu ya boneti.

"Njooni mtazame nyie mliosema Ndaki kaunga gari kwa mpira wa bustani! Maji yanatikisika?"

"Hayatikisiki, Mzee!" vijana waliitikia.

Nani angemharibia mzee furaha yake mbele ya kijiji kizima? Lucia aliahirisha hadi kesho. Kesho yake Egide akapiga simu. Mzee alikuwa zizini, Lucia akapokea.

"Mwambie asiende nalo mbali," alisema Egide. "Ule mpira utapasuka. Paipu ninayo hapa, alirudishe hata leo."

"Sawa, fundi. Ujumbe umefika."

Ulifika kweli, ila haukupita hapo. Lucia akaifuta namba kwenye simu.

Siku ya sita, alfajiri, Nyanzala alishikwa na uchungu. Walimlaza kiti cha nyuma juu ya godoro. Jirani yao, Mama Pudensiana, akampakata kichwa, na Lucia akakaa mbele na baba yake. Jua lilikuwa limeshachomoza walipofika kwenye kijito kabla ya Kabungu. Mzee alipunguza mwendo ili avuke tope. Dume likakohoa mara mbili, likazima.

Mzee alipiga stati. Likawaka, likafa. Akapiga tena. Akashuka, akafungua boneti, akachomoa plagi moja moja, akazifuta kwa shati. Simu hazikushika mtandao. Barabarani hapakupita hata baiskeli.

Lucia alikaa palepale. Alijua ugonjwa uko wapi kama mtu anavyojua jina lake. Lakini kuunyooshea kidole kulikuwa sawa na kusema, "Nilikudanganya, baba." Akajiambia litapita gari lingine. Akajiambia mzee ataona mwenyewe. Mzee hakuona, kwa sababu mpasuko ulikuwa upande wa chini. Saa nzima ikapita.

"Mayu, mama yangu, nasikia kitu kimeachia tumboni," alisema Nyanzala. Kisha akaacha kulia, na ukimya wake ulitisha kuliko kilio.

"Ndaki!" Mama Pudensiana aliita. "Huyu anatuponyoka!"

Ndipo Lucia aliposhuka. Alipitisha mkono chini ya mpira wa pampu, akaukuta umefunguka kama mdomo. Akachana kanga yake, akauzungushia, akakaza kwa ukanda wa tyubu uliofungia godoro. "Washa, baba." Dume likawaka.

Mpanda walifika. Daktari alisema kizazi kilipasuka njiani, na kwamba wangefika saa moja mapema angeweza kumwokoa mtoto. Mtoto wa kiume alitolewa hana uhai. Ili Nyanzala apone, kizazi nacho kilitolewa. Malale alifika kutoka Usevya akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akaonyeshwa kifurushi kidogo cheupe, akauliza, "Na huyu pia?"

Nyanzala aliporudishwa nyumbani, Egide alikuja kutoa pole. Hakufika hata kwenye mkeka.

"Muuaji huyo!" Mzee Ndaki alinguruma. "Ulisema umemaliza! Ulisema twende salama!"

"Mzee wangu, mimi? Nilimwacha..." Egide alianza, macho yake yakamwangukia Lucia, akanyamaza. Alimpa nafasi. Lucia akatazama vidole vya miguu yake. Malale na vijana wawili walikwisha kumshika fundi mikono, na mmoja aliokota mchi.

"Mwacheni," alisema Nyanzala kutoka kwenye mkeka. Hakupaza sauti. "Wifi, siku ile ulishuka ukaenda kwenye ule mpira moja kwa moja. Baba alitafuta saa nzima. Wewe hukutafuta."

Na hapa mwandishi wa hadithi hii naye ameshikwa, maana hawezi kuendelea kumwita Lucia kana kwamba ni mtoto wa jirani. Lucia ni mimi. Nilimweka mbali kwa makusudi ili msomaji amchukie mtu mwingine. Mimi ndiye niliyekaza skrubu, nikaficha ujumbe, nikafuta namba. Na ile saa nzima pale kijitoni sikukosa ujuzi, niliogopa kofi.

Niliyasema yote siku ile, nimepiga magoti, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine. Baba hakunipiga. Malale alimwachia Egide, akaingia ndani. Nyanzala aligeukia ukuta na hajanigeukia hadi leo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Na kifo kilichoniumbua mimi alikifa mtoto wa mwenzangu.